Kaeni Dukani Kwanza

Asanteni kwa makofi, lakini mngoje kwanza. Walionisikia mwaka jana watanivumilia, maana wimbo ni uleule: kabla hujajenga biashara, kakae na mteja.

Nani hapa ana cheti cha kozi ya ujasiriamali? Mikono juu. Naam, ukumbi mzima. Haya, nani kati yenu amemuuzia mtu kitu wiki hii? Namwona kaka mmoja. Unauza nini? Vitumbua! Njoo ukae mbele, wewe ndiye mhadhiri.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Nilitumia miezi minane kutengeneza programu ya simu ya kuhesabu mzigo dukani, yenye ripoti za rangi na michoro. Nikampelekea mzee mmoja mwenye duka la jumla Kariakoo. Akaitazama, akanisifu, akaniagizia soda. Soda ile ndiyo iliyoniponza. Sisi hatumvunji mgeni moyo usoni pake. Sifa tunampa, hela hatumpi. Baada ya wiki mbili nikarudi, hajaigusa. Ndipo nikaomba kigoda, nikakaa tangu asubuhi hadi alasiri. Kumbe mzigo wake anaujua kwa macho, boksi moja likipungua anaona. Kinachomnyima usingizi kiko kwenye daftari la kaunta lililofungwa kwa raba: madeni. Mama Fulani, Mbagala, katoni sita za sabuni, "Ijumaa". Ijumaa ipi? Haikuandikwa. Na kumpigia anaona haya, ni shemeji yake. Miezi minane, wala sikuwahi kumuuliza anamdai nani au anadaiwa na nani!

Mtasema hiyo ni duka moja tu. Sawa, tuvuke Namanga. M-Pesa mnayoijua ilianza kujaribiwa Kenya mwaka 2005, na lengo halikuwa kutumiana hela. Ilikuwa njia ya wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo, Faulu, kupokea na kurejesha mikopo yao kwa simu. Wateja kama 500 hivi. Waliokuwa wakiwafuatilia wakaona watu wanatumiana wenyewe kwa wenyewe, na wengine wanaweka hela kwenye simu kabla ya safari ili waitoe wakifika. Safaricom ilipoizindua Machi 2007, ujumbe ukawa mmoja: tuma pesa nyumbani. Mkopo ukakaa pembeni. Hilo halikutoka kwenye slaidi za mtu.

"Lakini Y Combinator, wale Wamarekani wanaolea kampuni changa, wana masomo ya bure mtandaoni." Wanayo, mazuri, yasomeni. Ila sikilizeni wanachorudia humo: zungumza na wateja. Sasa wewe umejifungia chumbani, unatazama video ya arobaini inayokwambia utoke nje!

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi harakaharaka. Mkiwa waanzilishi wawili, gawaneni hisa kwa maandishi kabla hela haijaingia, na kila mtu azipate kidogokidogo kadiri anavyokaa kazini; asije akaondoka mwezi wa tatu na nusu ya kampuni. Usajili wa kampuni BRELA, wakala wa serikali wa usajili, unafanyika mtandaoni, kwa hiyo usinipigie kuulizia mtu wa kukusaidia. Wawekezaji nilitaka kuwazungumzia, nawaacha. Wengi wenu hamjafika huko, msininunie.

Kaka wa vitumbua, kabla sijashuka: wanaokukopa unawaandika wapi?