Kabla hujaweka dole gumba

Jamani niacheni niliseme tena hili la karatasi anazoletewa aliyeumia kazini, walionisikia Morogoro wanivumilie.

Mtu kaumia uti wa mgongo, miguu haisikii kitu, siku ya nne bosi huyo wodini na matunda na bahasha. Mdogo wangu mmoja hapa mtaani, saidia fundi, alidondoka kutoka ghorofa ya tatu, jukwaa limefungwa kwa kamba iliyooza na mkanda hakupewa. Nafika kumwona, dole gumba lake lina wino wa bluu mpaka kwenye ukucha. Namuuliza mama yake, mama, mmeweka dole wapi? Ananitolea karatasi kwenye khanga, "nimepokea shilingi laki tano na sina madai mengine yoyote." Laki tano! Kijana yuko kwenye dawa za maumivu, hata kukaa hawezi, kaambiwa ni ya kupokelea tu. Karatasi hiyo inatusumbua mpaka leo.

Mtaniambia hela ya dawa inatakiwa leo. Ndiyo, pokea! Andika kiasi, tarehe, "kwa ajili ya matibabu", ishia hapo. Hayo maneno "sina madai mengine" ndiyo yanayommaliza mtu, maana wiki ya kwanza nani anajua gharama? Mipira ya mkojo maisha yote, godoro la kuzuia vidonda, wilichea, na dada yake kaacha kuuza vitumbua ili amgeuze kila masaa mawili, usiku na mchana. Kipato cha huyo dada nacho kiandikeni, kisipotajwa hakilipwi.

Na msiniambie bosi ni mtu wetu wa msikitini au kanisani. Kudai hakuvunji undugu, aliyefunga jukwaa kwa kamba mbovu ndiye alianza.

Muda umekwisha, haya nayakimbiza. Aliyeumia kazini huku Tanzania Bara apeleke taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ndani ya miezi 12, kule hudaiwi kuthibitisha uzembe, na mchango ni wa mwajiri, asikukate mshahara. Kesi ya uzembe mahakamani ifunguliwe ndani ya miaka 3, msikae mnasubiri ahadi. Ukiishtaki serikali unaanza na notisi ya siku 90. Ajali ya gari, chukua PF3, ile fomu ya polisi, na namba ya bima ya gari siku ileile.

Mama pale nyuma mwenye karatasi mkononi, usiikunje. Njoo nayo tuisome pamoja kabla hujaondoka.