Msioshe Mawe

Nimepewa dakika ishirini, kwa hiyo habari za chemba kufurika na watu kutapisha vyoo usiku wa mvua naziruka. Mnaishi Dar, mnazijua kuliko mimi. Naanza na mawe.

Kuna hosteli moja, siitaji jina, tulijenga tangi la kusafisha majitaka. Mbele karo la kawaida la kutuliza tope, nyuma yake vyumba viwili vya kokoto kubwa. Maji yanaingia kwa chini, yanapanda taratibu katikati ya kokoto, yanatokea juu. Hewa haiingii. Pampu hakuna, umeme hakuna. Tulisubiri miezi minane tangi likae sawa. Mwezi wa tisa ukikinga maji yake kwenye glasi unaona vidole vyako upande wa pili. Nikafurahi, nikasafiri.

Narudi, mlinzi ananipokea getini anachekelea. "Mzee, tumekusafishia!" Walikuwa wanatarajia wageni. Wamefunua mifuniko, wametoa kokoto zote kwa karai, wamezisugua kwa sabuni ya unga, wamezisuuza kwa klorini, wamezianika juani. Zinang'aa utadhani zinangoja zege. Ule utelezi mweusi wote umekwenda mtaroni. Nikakaa juu ya ndoo. Kijana wa watu ananiuliza, "Mzee, unaumwa?"

Sikumlaumu. Mimi ndiye niliyemwambia hilo ni chujio, na chujio likichafuka watu hulisugua. Nani anapika chai na chujio lenye majani ya jana? Kumbe kazi kubwa ya kokoto si kuchuja. Zile ni nyumba, na ule utelezi ndio wapangaji. Vijiumbe wanaotengeneza gesi ya methani huzaana kwa siku, si kwa dakika kama bakteria wanaochachusha maziwa yako. Maji yenyewe yanakaa tangini siku moja, moja na nusu. Kiumbe anayengoja siku kadhaa apate mtoto, ukimwacha aelee, anasombwa kabla hajazaa. Mpe jiwe ashike: maji yanapita, yeye anabaki. Watafiti Young na McCarty walilieleza hili kule Marekani mwaka 1969, na mpaka leo mimi nakuta watu na brashi.

Injinia mmoja pale nyuma anatikisa kichwa: kokoto huziba. Huziba, ndiyo, na mara nyingi ni kwa sababu karo la mbele halijanyonywa. Ita gari linyonye karo; mawe yaache. Yakilemewa kweli, fungulia maji yatoke kwa chini, tope lililozidi litashuka nayo. Hapo umemaliza, weka karai chini.

Halafu si lazima ziwe kokoto. Kokoto zinakula karibu nusu ya nafasi ya tangi ulilojenga kwa hela yako. Brazil, Chuo Kikuu cha Campinas, wamejaribu makumbi ya madafu. Madafu, jamani! Ni mepesi, yana nafasi tele. Sisi tunayarundika kando ya barabara yafuge mbu.

Harufu? Funika vizuri, bomba la hewa lipite juu ya paa. Maji yakitoka yatanuka yai viza kidogo, hilo silikatai. Gesi ipo, lakini maji ya chooni na bafuni ni mepesi mno, usitegemee kuivisha ugali.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, haraka: maji hayo hata yakiwa maangavu, mayai ya minyoo na vijidudu vya kuhara vinaweza kuwamo. Msimwagilie mchicha. Yapitisheni kwanza kwenye bustani ya matete. Nilikuwa na picha sita za matete, basi tena.

Na ile hosteli, tulibeba tope lenye wapangaji wapya kwa madumu kutoka karo la jirani, tukalimwaga kwenye mawe, tukaanza kungoja upya.

Maswali? Ndiyo, kaka mwenye shati la kijani.

Hapana. Hata kwa maji matupu bila sabuni, hapana.