Muulize Kama Analala

Makamanda, askari wa zimamoto, manesi wa dharura, madereva wa ambulansi. Na ninyi wavuvi mliokaa viti vya nyuma, sogeeni mbele tafadhali, maana habari hii, ya kinachombaki mwokoaji moyoni baada ya kazi, inaanzia kwenu.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, mitumbwi ya wavuvi ilikuwa ya mwanzo kufika. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilipotumbukia ziwani Bukoba, wavuvi tena. Watu 24 kati ya 43 walitoka hai. Mvuvi hana sare wala zamu, na jina lake halimo kwenye daftari la kamanda yeyote. Lakini maiti ya mtoto aliyoivuta kwa mikono yake huenda naye nyumbani kama inavyokwenda na askari.

Nitawaeleza juu ya askari mmoja, naye ameniruhusu. Alikuwa anachimba kwenye kifusi cha jengo lililoporomoka. Wenye kazi hiyo mnajua: inafika saa jenereta linazimwa, mkono unainuliwa juu, watu wote kimya, mnasikiliza. Wakasikia mtu anagonga. Ngo, ngo, ngo. Walichimba usiku kucha. Alfajiri kugonga kukakoma, na walikuwa hawajamfikia.

Wiki tano baadaye, Jumapili, amekaa sebuleni na watoto, mkewe uani anatwanga kisamvu. Askari akaruka kitini, akatoka mbio: "Nyamazeni! Zima jenereta!" Watoto wakaganda. Mama akaulaza mchi chini, na tangu siku ile akawa ananunua kisamvu kilichotwangwa sokoni.

Jamani, huo si uoga, si mapepo, wala hakurogwa. Mwili wake umejifunza kwamba mlio ule una mtu ndani yake, na haujapata habari kwamba kazi imekwisha. Siku za mwanzo, ndoto mbaya na kushtuka huwapata wengi, na kwa wengi hupungua zenyewe. Zikipita mwezi zikiwa bado zinamvurugia mtu kazi na nyumba, hapo tunazungumzia kiwewe, ugonjwa wenye tiba. Mtaalamu humrudisha kwenye kumbukumbu ile kidogo kidogo, kwa mwendo anaoumudu, mpaka aweze kuikumbuka bila kurudi kifusini. Wasiopata tiba, wengine huutafuta usingizi kwenye chupa.

Sasa jambo linaloniuma. Kuna desturi ya kuwakusanya waokoaji usiku uleule, chumba kimoja, kila mmoja alazimishwe kusimulia alichokiona. Nia ni njema, nami niliwahi kuifanya. Lakini utafiti umeonyesha kwamba kikao hicho cha mara moja hakizuii kiwewe, na Shirika la Afya Duniani linashauri tusikitumie kwa ajili hiyo. Usiku ule mpe mtu maji ya kuoga, nguo kavu, chai ya moto, na simu ampigie mkewe. Akitaka kusema, msikilize. Akinyamaza, kaa naye.

Halafu, kamanda, chukua kalenda uandike tarehe: wiki ya nne. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosekana. Magari ya viongozi yameondoka, pole zimekwisha, na yeye ndiyo kwanza anaanza kuota. Mwite pembeni, peke yake. Usimuulize "uko sawa?" Atakujibu "niko sawa, afande," hata kama anakufa. Muulize, "Unalala?" Muulize nyumbani wanasemaje juu yake. Na atakachokuambia kisiingie kwenye faili la kupandishwa cheo, la sivyo mwakani hakuna atakayekufungulia mdomo. Anayepiga 114, namba ya zimamoto, usiku wa manane anamtegemea mtu huyu.

Wavuvi nao waandikwe. Mwenyekiti wa mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga, anawajua wote walioingia majini siku ile. Majina yao yachukuliwe kabla umati haujatawanyika, na wiki ya nne mtu awafuate huko mwaloni, asingoje waje mjini.

Yule askari alipelekwa kwa mtaalamu, akahudhuria miezi kadhaa, siku nyingine akitoka huko ameloa jasho. Mwezi uliopita mkewe alinipigia simu. Ilibidi nimwombe arudie maneno yake, maana nyuma yake kulikuwa na kelele. Akacheka, akaniambia, "Ni baba watoto huyo, anatwanga."