Dawati la mbele halitoshi

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wageni wetu kutoka Italia, itifaki imezingatiwa. Mada yetu ni hisia za mtoto katika elimu jumuishi, yaani mtoto mwenye ulemavu kusoma darasa moja na wenzake. Naomba nianze na mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la nne.

Alikuwa na ualbino. Siku alipoletwa nilifanya nililofundishwa chuoni, kwamba mwenye uoni hafifu akae mbele. Nikampa dawati la mbele, nikaanza kuandika ubaoni kwa herufi kubwa, nikaamini elimu jumuishi imeshaingia darasani kwangu. Mwezi wake wa pili darasani akaanza utoro. Nilimwita mzazi, nikamwonya mtoto. Kumwuliza, sikumwuliza. Siku nilipomwuliza, tukiwa wawili tu chini ya mwembe, alinieleza kuwa dawati lile liko kando ya dirisha. Ikifika saa nne mwanga unamchoma macho hata ubao haoni, anainamisha kichwa, na wenzake wa nyuma wanacheka kwamba amelala tena. Ikafika mahali akisimama kujibu swali anasikia macho ya darasa zima mgongoni.

Dawati tulilihamisha kwa dakika moja. Kile cha mgongoni kilituchukua muhula mzima.

Jana wageni wetu walitueleza sheria yao namba 517 ya mwaka 1977, iliyofuta madarasa ya kuwatenga watoto wenye ulemavu na kuagiza kwamba darasa lenye mtoto mwenye ulemavu lisizidi wanafunzi 20. Nilisikia mguno humu ukumbini, nami nauelewa, maana darasa langu lina watoto 87. Lakini usiku sikuwaza hiyo 20. Niliwaza yule mwalimu wao wa ziada, anayeongezwa kwenye darasa lenye mtoto mwenye ulemavu. Sheria yao namba 104 ya mwaka 1992 inamfanya kuwa mwalimu wa darasa zima, sawa na mwenzake, wala si mlinzi wa mtoto mmoja. Mtoto akiwekewa mtu mzima wake peke yake ubavuni, kila mtu anajua ni nani mwenye kasoro. Waliotunga kifungu kile waliijua habari ya macho mgongoni.

Sasa nije kwenye akili hisia. Wanasaikolojia wa Marekani Peter Salovey na John Mayer waliieleza mwaka 1990 kuwa ni uwezo wa kuzitambua hisia zako na za mwenzako, kuzimudu, na kuzitumia katika kufikiri na kutenda. Chuo Kikuu cha Yale kikatoa kipimo cha hisia chenye rangi nne ambacho wengi wenu mmekiona ukutani hapo: nyekundu, njano, bluu, kijani. Mtoto anaonyesha rangi ya moyo wake asubuhi. Nimekitumia, na watoto wanakipenda. Ila kuna mahali kinatuacha njiani, na hapo ndipo nataka tukae.

Sisi tuna haya, tuna aibu, tuna fedheha. Haya ni adabu, na mtoto mwenye haya tunamsifu kwa mzazi wake. Aibu humjia mtu akijua amekosea. Fedheha unatendewa, tena mbele za watu. Na zote tatu, kwa mtoto wa kwetu, zina umbo moja: kichwa chini, macho sakafuni, sauti ndogo. Kijana wangu alipoinamisha kichwa wenzake walisema amelala. Mimi, mwalimu wake, nilisema ana heshima huyu! Alikuwa na fedheha, miezi miwili, mita mbili kutoka nilipokuwa nimesimama na chaki.

Kwa hiyo wageni wetu wanapotufundisha kusoma uso wa mtoto, nawaomba wapokee na hili kutoka kwetu: huku watoto wengi wamelelewa wasimtazame mkubwa machoni. Uso hautatosha. Itabidi tuulize, tena faraghani, na mtoto awe na maneno ya kuzitaja hisia hizi.

Na fimbo isiwepo. Nalisema hili nikijua kanuni zetu Tanzania za mwaka 1979, zilizorekebishwa mwaka 2002, bado zinaruhusu viboko visivyozidi vinne. Wenzetu Kenya walivipiga marufuku mwaka 2001. Mtoto anayeiona fimbo juu ya meza hawezi kukwambia amefedheheka, atakwambia "sijambo, mwalimu". Yangu niliitoa darasani mwaka uleule wa yule kijana. Kelele ziliongezeka kwa wiki kadhaa, sitawaficha.

Mbele yenu mna karatasi. Kila mmoja amkumbuke mtoto mmoja anayeinamisha kichwa, aandike amekuwa akikisomaje kichwa kile, kisha ampe jirani yake asome. Mgeni akae na mwenyeji, mkalimani wa Lugha ya Alama atakuwa meza hii ya kushoto. Jina la mtoto msiliandike. Tuna nusu saa.