Kuchomoa Modemu Bila Mkono wa Mtu

Mabibi na mabwana, wengi wenu mmekwisha kunisikia nikisema kwamba modemu iliyokwama izimwe na kuwashwa na programu, si na mkono wa mtu, nami nitaendelea kulisema madhali bado kuna fundi anayepanda pikipiki kwenda kilimani, kwenye kituo cha kupima mvua, ili achomoe modemu ya USB, ahesabu hadi kumi, aichomeke tena, kisha ageuke arudi mjini kudai posho. Sina ugomvi na posho yake. Ugomvi wangu ni na skripti, yaani programu fupi, iliyowekwa kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kituo hicho, kwa nia ya kumpunguzia safari, na ambayo haijampunguzia hata moja.

Skripti hiyo hukagua kama modemu inaonekana kwenye orodha ya lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB, kisha huipigia ping, yaani huiuliza kama ipo, anwani ya 192.168.8.1, na ikijibiwa hutangaza kwamba mambo ni shwari. Modemu yenyewe ni Huawei E3372 ya aina ya HiLink, ambayo hujitokeza kwenye Linux, mfumo unaoendesha kompyuta hiyo, kama kadi ya mtandao na kufanya kazi ya ruta, na anwani hiyo ni ya kwake mwenyewe. Ni sawa na kumwuliza bawabu kama tajiri yumo ndani, naye akakujibu kwamba yeye bawabu yupo. Mawasiliano na mnara yanaweza kuwa yamekufa tangu asubuhi, na jibu likaendelea kuwa lilelile. Kipimo cha kweli ni kuipigia ping anwani iliyo nje, kwa kutaja kadi ya modemu kwa alama ya -I, tena anwani zaidi ya moja, na kutochukua hatua mpaka zote zishindwe mara kadhaa mfululizo.

Sasa mtaniuliza tuchukue hatua gani, na najua wapo wanaotaka kusema tuwashe upya kompyuta nzima kila usiku. Modemu iliyokwama saa tatu asubuhi isubiri usiku kwa sababu gani? Isitoshe, kompyuta nyingi zinapowashwa upya hazikati umeme wa tundu za USB, kwa hiyo kompyuta huamka ikaikuta modemu imekwama vilevile.

Kosa hilohilo la umeme ndilo linalowaponza wanaoandika 0 kisha 1 katika faili la authorized, chini ya /sys/bus/usb/devices. Kerneli, yaani kiini cha Linux, hukiachia kifaa na kukipokea upya, jambo linalotosha ikiwa tatizo liko upande wa Linux; lakini modemu ni kompyuta ndogo yenye prosesa yake, na programu iliyomo ndani yake ikiganda, volti 5 zikiendelea kuingia, itabaki imeganda. Amri ya AT+CFUN=1,1, kwa modemu zenye mlango wa kupokelea amri kama /dev/ttyUSB0, huiomba modemu ijiwashe upya, na ombi hilo linahitaji msikilizaji aliye macho. Anzeni na njia hizi za upole, sikatazi, ila ya mwisho iwe kukata umeme wenyewe kwa programu ya uhubctl, ambayo huzima tundu na kuliwasha tena.

Hapo pana sharti: si kila habu, yaani kigawanyi cha tundu za USB, inaweza kukata umeme, na baadhi hudai zinaweza ilhali taa ya modemu haizimiki, kwa hiyo jaribuni mezani kabla ya kupanda kilimani. Kwenye Raspberry Pi 4 tundu zote nne huzimwa kwa pamoja, basi aliyechomeka diski yenye mfumo wake kwenye mojawapo atakuwa ameikata pamoja na modemu.

Naoneshwa saa. Kwa haraka, basi: skripti iendeshwe na taima ya systemd, msimamizi wa huduma za Linux anayeiamsha kila baada ya muda, kila jaribio linaloshindwa liongeze muda wa kusubiri linalofuata, kwa kuwa mnara wenyewe unapokosa umeme hakuna modemu itakayopona kwa kuzimwa, na faili la power/control la modemu liandikwe on, ili kerneli isiilaze kwa kubana matumizi. Habari ya udev, sehemu ya Linux inayosimamia vifaa vinavyochomekwa, tutaizungumza na aliyeleta kompyuta yake hapa.