Jua Linavyoila Chupa ya Maji

Ndugu wasikilizaji, itazameni chupa hii iliyolala miezi mingi juu ya mabati. Tumbo lake bado linang'aa. Mgongo uliolitazama jua umefifia, umeingia umanjano, na ukiukunja unapasuka badala ya kupinda.

Plastiki hii ni PET, ile yenye namba 1 ndani ya pembetatu kwenye kitako. Ni minyororo mirefu ya molekuli iliyoungwa kwa viungo vya kikemia viitwavyo esta. Mwanga tunaouona kwa macho huipita tu. Adui wake ni mionzi ya urujuanimno, ile sehemu ya mwanga wa jua tusiyoiona, yenye mawimbi mafupi, chini ya nanomita 315 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). PET huinyonya mionzi hiyo, na nguvu yake huikata minyororo pale penye esta. Oksijeni ya hewani huendeleza uharibifu. Vipande vikishakuwa vifupi, plastiki haina tena unyumbufu.

Sasa, kwa nini tumbo limepona? Mionzi hiyo huishia kwenye ngozi ya juu kabisa, nyembamba kuliko unywele, kwa hiyo mgongo umekuwa mwavuli wa tumbo. Anayesema jua "litaimaliza" chupa amekosea: linaimenya, na inayodondoka ni plastiki ile ile, ndogo zaidi.

Kifuniko kina mambo yake. Hicho ni cha plastiki za aina nyingine, polietilini au polipropilini, na polipropilini isiyotiwa dawa ya kuikinga na jua huchakaa upesi sana. Isitoshe, vyote viwili huelea baharini, vikaendelea kuchomwa. PET ina uzito wa gramu 1.38 kwa sentimita ya ujazo, maji ya bahari kama 1.03, hivyo chupa iliyojaa maji huzama hadi kwenye giza na baridi, ikakaa humo miaka na miaka.

Mawimbi marefu ya urujuanimno, kwa upande wake, hupenya PET, na ndiyo yanayowezesha kusafisha maji ya kunywa kwa jua, yaani kuua vijidudu vyake. Tumia chupa angavu isiyozidi lita 2, ilaze juani saa 6. Mawingu yakitanda, siku 2 mfululizo. Kwanza isimamishe juu ya kichwa cha habari cha gazeti, uchungulie kupitia mdomoni. Herufi zisiposomeka, chuja maji kwanza. Na chupa yenye mgongo kama huu msiitumie: ukungu na mikwaruzo yake huzuia mionzi isiyafikie maji.