Ukicheza Peke Yako, Chagua Anayeweza Kuamka na Mpango Mpya

Asanteni. Nimeombwa nizungumzie fani ya mtumia speli inayomfaa mtu anayecheza Dungeons & Dragons peke yake, yaani mchezo wa kuigiza wahusika kwa karatasi na dadu; speli ni tendo la uchawi, na fani ni kazi ya mhusika. Mlionisikia mara iliyopita mnajua nitakaloshikilia, kwamba anayecheza peke yake achukue kuhani, na leo nalishikilia tena, kwa sababu juzi kijana mmoja kanionyesha karatasi ya mhusika wake mpya: sosara, yule mwenye uchawi wa kuzaliwa nao, wa ngazi ya kwanza, speli mbili, zote za moto. Na anakwenda kucheza peke yake!

Wengi huanza kwa kuhesabu: fani ipi ina speli nyingi zaidi? Hilo ni swali la meza yenye watu watano. Mezani kuna msimamizi wa mchezo, anayesimulia dunia na kuamua yanayotokea. Anaitupia jicho karatasi yako, anaona huna namna ya kufungua kufuli, basi mlinzi analewa na funguo zinaning'inia kiunoni. Hakuambii, lakini amekubeba. Ukiwa peke yako, msimamizi ni dadu na majedwali. Unauliza, "Mlango umefungwa?" Dadu inasema ndiyo. "Kuna njia nyingine ya kuingilia?" Hapana. Dadu haijui karatasi yako ina nini. Ule wepesi ambao msimamizi angekufanyia, inabidi mhusika wako awe nao mwenyewe. Na kwangu wepesi si wingi wa speli. Ni ruhusa ya kulala, kuamka, na kuchagua upya.

Nitawapa kisa changu, wengine mtanivumilia. Nilikuwa na sosara wa ngazi ya 3. Kwa toleo la kanuni la 2014 huyo anajua speli 4 tu. Yangu zilikuwa hizi: moto wa viganja, miale ya moto, ngao, na sura bandia. Nilimpenda sana. Anaingia kwenye handaki chini ya mnara, nauliza dadu handakini kuna nini, nasoma jedwali: vijitu vya mvuke, vitatu. Vijitu hivyo moto hauvidhuru hata kidogo. Nikatupa miale, bure. Nikarudi nyuma, nikafunga mlango wa ghala, nikalala saa 8 za mapumziko marefu. Nafasi zote za speli, yaani idadi ya speli anazoweza kutupa kabla ya kulala, zikarudi. Na asubuhi sosara wangu akaamka na speli zilezile nne.

Hapo ndipo nilipoelewa. Alikuwa ameshajua adui ni nani, yuko wapi, hadhuriki na nini, na ujuzi huo haukumsaidia chochote. Akarudi handakini, akaanguka. Uhai wako ukifika sifuri, kila zamu unarusha dadu ya pande 20: kuanzia 10 umefaulu, chini ya hapo umekosa; ukifaulu mara tatu umenusurika, ukikosa mara tatu umekufa. Nilirusha 4, nikarusha 9, nikarusha 7. Mezani mwenzako angekuwekea mkono mapema na ungeinuka. Handakini hapakuwa na mtu.

Wiki ileile nikaingia handaki lilelile na kuhani wa ngazi ya 3. Kuhani hakariri speli chache za maisha yake yote. Orodha nzima ya fani yake ni yake, na kila baada ya mapumziko marefu anachagua atakazobeba: kwa kanuni za 2014 idadi ni ngazi yake ukijumlisha na nyongeza ya Hekima. Hekima yangu ilikuwa 16, nyongeza 3, kwa hiyo speli 6, na juu yake 4 za mungu wake ambazo hazimtoki. Siku ya kwanza naye alipigwa! Nasisitiza hilo, maana mtu atadhani nasimulia hadithi ya shujaa. Alikuja amejiandaa kwa maiti wanaotembea, akakuta mvuke, akakimbia. Lakini asubuhi akaweka pembeni zisizofaa, akachukua silaha ya roho na ngao ya imani. Silaha ya roho inapiga kwa tendo la ziada, yenyewe, raundi baada ya raundi, mkono wako ukiwa bado na tendo lake la kawaida. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hiyo ndiyo shida kuu ya anayecheza peke yake: goblini wanne wana zamu nne, wewe una moja. Siku hiyo nilikuwa na vidole viwili. Akavuka.

Sasa najua mtu wa wizadi, yule mchawi msomi wa vitabu, amekaa hapo nyuma anasubiri. Utasema orodha ya wizadi ni ndefu kuliko zote. Ni kweli. Lakini wizadi anaandaa zile tu zilizomo katika kitabu chake: 6 mwanzoni, 2 kila anapopanda ngazi. Nyingine lazima azipate mahali, kisha alipe dhahabu 50 na saa 2 kwa kila daraja la speli anayonakili. Na nani atakuwekea njiani hati zenye speli hizo? Wewe mwenyewe! Ukijigawia hati, mchezo umekwisha ladha. Isitoshe dadu yake ya uhai, inayoamua atastahimili mapigo kiasi gani, ni ya pande 6, ya kuhani pande 8, na kuhani anavaa deraya na kushika ngao.

"Basi utakuwa unalala kila ukikwama." La. Kanuni inakuruhusu pumziko refu moja tu katika saa 24, nami kila ninapolala naiuliza dadu dunia imefanya nini. Mara mbili mateka niliyemfuata alikuwa ameshahamishwa. Usingizi una bei, na ni lazima uilipe.

"Kuhani ni wa kutibu wenzake." Huna wenzako! Unajitibu wewe.

Na wanaosema toleo la 2024 limemwongezea sosara speli: limemwongezea, ndiyo, lakini bado anabadilisha moja tu anapopanda ngazi. Kisa changu hakijabadilika.

Naona naonyeshwa saa. Druidi, mwenye uchawi wa maumbile, haraka: naye huchagua upya kila siku kama kuhani, na kuanzia ngazi ya 2 anageuka mnyama; kwa kanuni za 2014, uhai wa mnyama ukiisha unarudia mwili wako na uhai wako uliokuwa nao. Ukichoka na kuhani, nenda huko. Manju, yule wa nyimbo, ana stadi nyingi na anafaa kwa michezo ya mazungumzo, ila speli zake hazibadiliki asubuhi. Mwenye mkataba, anayepata speli kwa kuafikiana na kiumbe mwenye nguvu, sitamfikia leo.

La mwisho ni kushikilia speli, yaani zile zinazodumu mradi tu umezikazia akili: unaweza kushikilia moja tu, na kila ukiumizwa unarusha dadu kufikia 10 au nusu ya dhara, ipi kubwa. Kwa hiyo usisahau Siha, uimara wa mwili unaojumlishwa kwenye dadu hiyo. Karatasi tupu ziko meza ya mlangoni. Kijana wa sosara, wewe njoo mbele, tuanze na yako.